Maktaba za Sayansi na Ufundi na Urithi wa Ngorongoro na Karatu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara wasioandika hesabu zao. Lakini maarifa nayo ni mali, tena ni mali kubwa kupita fedha, nayo pia huhitaji daftari. Daftari la maarifa ya taifa ni maktaba.

Katika makala haya tutaitazama historia ya maktaba za sayansi na ufundi nchini Tanzania, hasa zile za vyuo vikuu na vyuo vya ufundi: zilivyoanza, zilivyokua na zinavyohudumia wasomaji. Tutaitazama historia hiyo tukiwa tumesimama mahali pamoja, yaani nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu maalumu. Ni sehemu chache sana za nchi yetu ambazo zimechunguzwa na kuandikwa na wanasayansi kama hiyo. Mawe yake yamepimwa, mifupa yake imehesabiwa, wanyama wake wamefuatwa usiku na mchana. Hata hivyo, kwa muda mrefu mtoto wa Karatu au wa Endulen hakuweza kuyasoma yaliyoandikwa juu ya nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu akitaka kujua maktaba ni kitu gani na taifa linaihitaji kwa nini, hapo ndipo pa kuanzia.

Maarifa kabla ya vitabu

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba maarifa hayakuletwa Ngorongoro na watu wa vitabu. Wairaqw, waliotoka Mbulu wakaenea hadi Karatu, walikuwa na kilimo cha ustadi kabla ya kuja kwa serikali za kikoloni. Walilima kwa matuta ili maji ya mvua yasichukue udongo, wakaweka ng'ombe ndani na kuitumia samadi kuyarutubisha mashamba. Wamasai walizijua nyasi na majira yake, wakajua ng'ombe wahamishwe lini na wapelekwe wapi. Wadatoga walikuwa wafugaji hodari. Nao Wahadzabe wa Bonde la Eyasi walijua kila mti wenye nyuki na kila mzizi uliwao.

Maarifa hayo yalikuwa na maktaba yake, nayo ni vichwa vya wazee. Mkutubi alikuwa babu au bibi, na saa za kufungua maktaba zilikuwa jioni baada ya kazi. Huduma hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: mzee akifa, rafu nzima hutoweka. Tena maarifa yaliyomo kichwani hayawezi kusafiri mbali bila mwenyewe kusafiri. Mkulima wa Karatu hakuweza kujua yaliyogunduliwa na mkulima wa Uluguru au Matengo, ijapokuwa wote watatu walipigana na adui yule yule, yaani mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko.

Maarifa yalivyohama

Maandishi ya kisayansi juu ya nchi hii yalianza wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1911 daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika kwenye korongo ambalo Wamasai waliliita Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini uotao huko kwa wingi. Wageni hawakulisikia vizuri jina hilo, wakaliandika Olduvai, na kosa hilo likaenea duniani pote. Kattwinkel aliokota visukuku vya wanyama wa kale akavipeleka Berlin. Mwaka 1913 Hans Reck akatumwa kuchimba zaidi, naye akaondoka na visukuku vingi pamoja na mifupa ya mtu.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani mwingine, Ludwig Kohl-Larsen, alichimba kando ya Ziwa Eyasi na huko Garusi, mahali panapojulikana leo kwa jina la Laetoli. Huyu hakuchukua mifupa tu. Alikusanya pia ngano za Wahadzabe na za watu wengine wa sehemu hizo, akazichapisha kwa Kijerumani. Tulitafakari jambo hilo kidogo. Ngano iliyosimuliwa na mzee wa Kihadzabe karibu na moto, katika bonde lililo chini ya Karatu, iliwekwa kitabuni kwa lugha ambayo hakuna mjukuu wake hata mmoja angeweza kuisoma. Hatuwezi kusema kuwa ngano ile ilipotea, maana imehifadhiwa mpaka leo. Lakini kwa wenyewe ilikuwa kama hazina iliyofungiwa sandukuni na ufunguo ukachukuliwa ng'ambo.

Mwaka 1931 Louis Leakey alianza uchunguzi wake Oldupai, akiwa pamoja na Reck. Uchunguzi huo uliendelea kwa miaka mingi, mpaka tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mkewe, Mary Leakey, aliliona fuvu lililokuja kujulikana kwa jina la Zinjanthropus. Mwezi uliofuata habari za fuvu hilo zilichapishwa London katika jarida la Nature, na sifa za Oldupai zikavuma duniani. Wakati huo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana wa Kitanganyika aliyetaka elimu ya juu ilimbidi aende Makerere, Uganda, au avuke bahari.

Mwaka huo huo wa 1959 iliundwa Hifadhi ya Ngorongoro, na ardhi yake ikatengwa na Hifadhi ya Serengeti. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1958, wazee kadhaa wa Kimasai walitia sahihi hati ya kukubali kuihama Serengeti ya magharibi. Hati hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu wakati huo, mjadala wa namna watu, mifugo na wanyama wa porini watakavyoishi Ngorongoro haujapata kukoma, na mwaka 2022 baadhi ya wakazi walianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Makala haya hayakusudii kuamua mjadala huo. Linalotuhusu hapa ni kwamba katika kila hatua yake hoja zimetolewa kwa ripoti, kwa ramani na kwa hesabu za watu na wanyama. Mtu asiyeweza kuipata ripoti inayomhusu hana njia ya kuipima, wala ya kuikubali au kuikataa kwa hoja. Basi maktaba si pambo la wasomi. Ni chombo cha haki pia.

Misingi ya maktaba za taifa

Kabla ya Uhuru huduma za maktaba kwa wananchi zilikuwa haba. Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka makasha ya vitabu katika sehemu mbalimbali na kuwaazimisha wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini kasha la vitabu lisingeweza kushika nafasi ya maktaba. Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza mpango wa maktaba za umma katika nchi za Afrika ya Mashariki, na baada ya Uhuru mapendekezo hayo yakapewa uzito.

Sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha Uhuru, Mwalimu Julius K. Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mpango ulikuwa kushuka kutoka makao makuu hadi mikoani, na kutoka mikoani hadi wilayani na vijijini. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliufanya mpango huo uwe wa lazima. Kufikia mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kuwa katika kila watu wazima mia, zaidi ya 90 walijua kusoma na kuandika. Lakini kusoma ni kama kisu: kisiponolewa hufifia. Mtu aliyejifunza kusoma kisha asipate kitabu, baada ya miaka michache husahau.

Chuo kikuu nacho kilikuwa kimezaliwa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima nje ya mji, panapoitwa Mlimani, na maktaba ikapewa jengo lake huko. Tarehe 1 Julai 1970 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam.

Kwa habari za Ngorongoro, maktaba hiyo ya Mlimani ina umuhimu wa pekee. Sheria ya mwaka 1962 iliwataka wachapishaji wapeleke huko nakala ya kila kitabu kinachochapwa nchini. Vile vile ilianza kukusanya maandishi yanayoihusu Afrika ya Mashariki, yakawekwa katika sehemu yake maalumu. Humo zimo karatasi za Hans Cory, aliyeandika sana juu ya mila na sheria za makabila. Humo pia zimo karatasi za Henry Fosbrooke, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali katika nchi ya Wamasai, na baadaye akawa Mhifadhi wa Ngorongoro. Kwa karatasi hizo, kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya kumbukumbu za Ngorongoro ilipata makao ndani ya nchi. Fuvu la Zinjanthropus nalo lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa. Hivyo mifupa na karatasi vilianza kurudi nyumbani katika miaka ile ile.

Maktaba ya ufundi ni nini?

Watu wengi hudhani kuwa maktaba zote ni za namna moja. Sivyo. Maktaba ya umma humhudumia kila mtu, naye huja kutafuta hadithi, gazeti au kitabu cha kujifunzia. Maktaba ya ufundi humhudumia mtu mwenye tatizo la kutatua. Mhandisi anataka kujua saruji ya daraja ichanganywe kwa kipimo gani. Mtaalamu wa maji anataka ramani ya miamba. Fundi anataka mchoro wa mashine. Kwa hiyo mali kubwa ya maktaba ya namna hii si vitabu peke yake, bali pia majarida ya kisayansi, ramani, michoro, vitabu vya viwango, ripoti za miradi, na tasnifu za wanafunzi waliotangulia.

Mali hiyo haina faida isipopangwa. Maktaba nyingi za nchi yetu hutumia mpango wa namba uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao huyagawa maarifa yote katika mafungu kumi. Sayansi hukaa katika namba 500, ufundi katika 600, na historia na jiografia katika 900. Sasa, kwa mpango huu Ngorongoro itakaa wapi? Volkano iliyolizaa lile bonde duara lenye kina cha mita zipatazo 600 itawekwa 551, pamoja na elimu ya ardhi. Simba na faru watakuwa 599. Matuta ya Wairaqw yatakuwa 631, pamoja na udongo na mbinu za kilimo. Ngano za Wahadzabe zitakuwa 398. Historia ya Tanzania ni 967.8. Nchi moja imetawanyika katika rafu tano. Hapo ndipo kazi ya mkutubi inapoonekana. Kwa katalogi yake, zamani ikiwa ya kadi ndani ya visanduku, na leo ikiwa ndani ya kompyuta, yeye huyakusanya yaliyotawanyika, akamwambia msomaji: yote unayoyataka ni haya, nayo yako hapa, hapa na pale.

Huduma nyingine ni kuazimisha vitabu, kuweka kando vile vinavyogombewa ili kila mwanafunzi avisome kwa zamu ya saa chache, kujibu maswali ya wasomaji, kuagiza nakala kutoka maktaba nyingine, kujalidi vitabu vilivyochakaa, na kuwafundisha wanafunzi wapya namna ya kutafuta. Huduma hii ya mwisho mara nyingi hudharauliwa. Lakini mwanafunzi asiyejua kutafuta, hata umweke katikati ya vitabu laki moja, atatoka mikono mitupu.

Kukua kwa maktaba za ufundi

Elimu ya ufundi ya ngazi ya juu ilianza Dar es Salaam mwaka 1957 katika Taasisi ya Ufundi, iliyokuja kuwa Chuo cha Ufundi mwaka 1962, na hatimaye Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam mwaka 1997. Katika Chuo Kikuu, Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, na maktaba ikalazimika kujenga mkusanyo mpya kabisa wa vitabu vya umeme, mitambo na ujenzi. Kilimo kilipata chuo kikuu chake Morogoro mwaka 1984, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine, na mwaka 1991 maktaba yake ilipewa kwa sheria jukumu la kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Jukumu hilo ni kubwa, maana linaitaka ihifadhi maandishi ya kilimo ya nchi nzima. Huko Mbeya, chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986 kilikua hatua kwa hatua hata mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia.

Kwa upande wa kaskazini, ulio karibu zaidi na Karatu, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Maofisa wengi walioilinda Ngorongoro walisoma hapo, wakitumia maktaba iliyokusanya vitabu vya wanyama na misitu ya Afrika. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1981 ikaundwa CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, ambacho kimejulikana sana kwa mitambo yake ya gesi itokanayo na samadi. Tazama basi jinsi mambo yanavyoungana: samadi ile ile ambayo Mwiraqw aliitumia kurutubisha shamba, sasa kwa mchoro wa fundi, inaweza kwanza kumpa moto wa kupikia, kisha ikarudi shambani. Mchoro huo usipohifadhiwa na kuazimishwa, kila kijiji kitalazimika kuvumbua upya.

Mwaka 2011 Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kufundisha huko Tengeru, mkoani Arusha. Hiki ni chuo kikuu cha shahada za juu za sayansi na uhandisi tu, nacho ndicho chuo kikuu cha teknolojia kilicho karibu na Karatu. Watafiti wake hushughulikia mambo yanayowagusa moja kwa moja watu wa kaskazini, kama vile maji yenye floridi nyingi yanayoharibu meno na mifupa, maradhi ya mifugo, na matumizi ya ardhi. Tasnifu zao huwekwa katika hazina ya kompyuta, ambako msomaji aliye mbali anaweza kuzifungua bila kufika Tengeru.

Miaka ya dhiki

Kukua huko hakukuwa rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 nchi yetu ilipatwa na shida kubwa ya uchumi. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha nyingi, na fedha za kigeni zikaadimika. Majarida ya kisayansi hununuliwa kwa fedha za kigeni, tena hulipiwa kila mwaka. Fedha ikikosekana mwaka mmoja, mfululizo hukatika.

Madhara ya jambo hilo yalikuwa mazito kuliko yalivyoonekana. Kitabu kikikosekana leo kinaweza kununuliwa kesho. Lakini jarida likikatika kwa miaka kumi, kizazi kizima cha wanafunzi husoma elimu iliyokwisha pitwa na wakati. Mhadhiri hufundisha kwa kutumia maandishi aliyokuja nayo kutoka ng'ambo alipokuwa masomoni. Ilivyotokea ni kwamba katika miaka ile ile, Mary Leakey na wenzake walikuwa wamekwisha zifichua nyayo za Laetoli, mwaka 1978, nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili kama sisi, miaka milioni 3.6 iliyopita. Dunia ikasoma habari hizo katika majarida yale yale ambayo maktaba zetu zilikuwa zinashindwa kuyalipia.

Wakutubi walijitahidi. Walipokea zawadi za vitabu, walibadilishana machapisho na vyuo vya ng'ambo, wakahifadhi kila kilichochapwa nchini. Zawadi nazo zilikuwa na taabu zake, maana mtoaji mara nyingi hutoa kile asichokihitaji, wala si kile anachokihitaji mpokeaji. Kwa hiyo somo la miaka ile ni kwamba maktaba ya taifa haiwezi kujengwa kwa hisani peke yake. Kuhusu wataalamu, shule ya ukutubi na uhifadhi wa nyaraka ilianzishwa Bagamoyo mwaka 1989, nayo imesaidia kuwapata watu wa kuzitunza hazina hizo.

Mabadiliko ya karne mpya

Mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa baharini ulifika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi zaidi. Maktaba za vyuo vikuu na za utafiti zimeunda umoja wao ili kununua majarida ya kompyuta kwa pamoja, kwa kuwa umoja ni nguvu hata katika kupatana bei. Mlimani, jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa China na lenye nafasi ya vitabu 800,000, lilizinduliwa mwaka 2018. Oldupai nako, makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 2017, mahali palipokuwa na makumbusho madogo yaliyoanzishwa na Mary Leakey.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote si la majengo. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia, na Watanzania wakawa wachunguzi wa nchi yao. Audax Mabulla alichunguza Bonde la Eyasi. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao Watanzania na Waitalia, waligundua nyayo nyingine huko Laetoli. Habari za nyayo hizo zilichapishwa Desemba 2016, jina la Masao likitangulia, katika jarida la eLife, ambalo kila mtu huweza kulisoma kwa kompyuta bila malipo. Hebu tulinganishe. Mwaka 1911 mgeni aliokota, akachukua, akaandika kwa lugha yake, na kitu chenyewe kikawekwa Berlin. Mwaka 2016 Mtanzania alichimba, akaandika, nyayo zikabaki Laetoli, na maandishi yakawa wazi kwa mwalimu wa Karatu siku ile ile yalipokuwa wazi kwa profesa wa London. Kati ya miaka hiyo miwili ndimo ilimo historia yote ya maktaba zetu.

Yaliyobaki

Hata hivyo safari haijaisha. Mlango mmoja bado umefungwa nusu, nao ni mlango wa lugha. Habari za Masao na wenzake ziko wazi kwa kila mtu, lakini ni wazi kwa Kiingereza. Vivyo hivyo tasnifu za Tengeru, ripoti za Mweka na majarida ya Morogoro. Elimu ya msingi katika nchi yetu hutolewa kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mwiraqw, Mmasai, Mdatoga na Mhadzabe sokoni Karatu. Tena hatuwezi kusema kuwa Kiswahili hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo, yanayopungua ni maandishi yanayoyatumia.

Chukua mfano wa fisi. Katika ngano zetu fisi ni mlafi na mwoga anayengoja mabaki ya simba. Mtaalamu Hans Kruuk aliwachunguza fisi wa Serengeti na wa bonde la Ngorongoro, akatoa kitabu mwaka 1972. Alionyesha kuwa fisi wa Ngorongoro ni wawindaji hodari, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayenyang'anya windo la fisi. Ugunduzi huo ulifanywa karibu kabisa na Karatu, lakini ni wanafunzi wangapi wa Karatu wameusoma kwa lugha wanayoielewa vyema?

Kwa hiyo yako mambo ambayo walimu na wanafunzi wanaweza kuyafanya pasipo kungoja fedha nyingi. La kwanza, mtafiti yeyote anayekuja kuuliza maswali kijijini aombwe aahidi kuleta nakala ya alichoandika, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, ikawekwe shuleni. La pili, shule zijifunze kutafuta katika hazina za kompyuta za vyuo vikuu, maana mwalimu mmoja mwenye simu anaweza kuipata tasnifu moja, akaichapa, ikasomwa na darasa zima. La tatu, wanafunzi wawaendee wazee na kuyaandika maarifa yao: majina ya nyasi, namna ya kuyachimba matuta, historia ya chemchemi zinazonywesha vitunguu vya Mang'ola, maji yake yakitoka kwenye misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Daftari la mwanafunzi lililoandikwa vizuri, likawa na tarehe, mahali, na jina la mzee aliyeridhia litajwe, ni mwanzo wa maktaba.

Chuo kikuu cha ufundi hakiwezi kuwa na maktaba kamili kama kinapokea maarifa kutoka nje tu. Maktaba hukua kwa njia mbili: kwa kununua yaliyoandikwa na wengine, na kwa kuyahifadhi yaliyovumbuliwa na wenyewe. Katika njia ya kwanza tutategemea fedha, nazo huja na kuondoka. Katika njia ya pili tutategemea bidii yetu. Ngorongoro na Karatu zimeipa dunia mengi ya kusoma. Ni haki ya watoto wake nao kuyasoma, na ni wajibu wao kuyaongeza.